Somo juu ya Kununua kwa Bei Rahisi: Duka la Hisani, Mtumba, na Mnada wa Sadaka



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja juu ya jambo lililomo katika maisha ya kila nyumba, nalo ni kununua kwa bei rahisi. Huenda mtu akasema, "Hayo ni maneno ya sokoni, si ya usharika." Lakini sisi wa Mtinko twajua ya kuwa soko limefika hata mlangoni pa kanisa. Ibada ya Jumapili ikiisha hatuendi zetu mara moja. Twasimama nje, na mzee wa kanisa huinua kuku, au mayai, au debe la mtama, akauliza, "Nani anunue?" Kisha siku ya mnada wa ng'ombe na nguo twainama juu ya turubai, tukitafuta sweta la mtoto kabla upepo wa mwezi wa Juni haujaanza kuvuma. Mtu ni yule yule, na mfuko ni ule ule. Je, yampasa kununua kwa moyo ule ule mahali pote pawili? Hilo ndilo swali la somo letu.

1. Duka la hisani ni nini?

Wengi wetu hatujapata kuliona duka la namna hii, kwa hiyo yafaa kwanza tulieleze. Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna maduka yasiyonunua bidhaa zao. Watu huleta nguo, vyombo, vitabu na viti ambavyo hawavitumii tena, nao huvitoa bure. Wauzaji walio wengi hufanya kazi bila mshahara. Vitu huuzwa kwa bei ndogo, na faida huenda kwa wagonjwa, au yatima, au wenye njaa. Uingereza peke yake ina maduka kama hayo yapata 10,000.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1902 Edgar Helms, mchungaji wa Kanisa la Methodisti katika mji wa Boston, Marekani, alianza kukusanya nguo na vyombo kuukuu kwa matajiri. Hakuwagawia maskini vivi hivi. Aliwaajiri wavitengeneze, kisha vikauzwa kwa bei ndogo, na mshahara wao ukatoka katika mauzo yale. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Goodwill. Huko Uingereza, kamati ya watu wa mji wa Oxford iliundwa mwaka 1942 kwa ajili ya njaa iliyokuwa katika nchi ya Wayunani wakati wa vita. Kamati hiyo, iitwayo Oxfam, ilianzisha duka lake katika mtaa wa Broad Street katika majira ya baridi ya 1947 na 1948.

Basi tuangalie vema: duka la hisani lina makusudi mawili. La kwanza ni kupata fedha kwa kazi ya huruma. La pili ni kumpa mtu mwenye fedha chache nafasi ya kununua kitu kizuri. Na katika hili la pili imo hekima. Anayepewa nguo bure mbele ya watu huenda akaona haya. Lakini anayenunua kwa shilingi chache huchagua apendacho, hulipa, naye hutoka kama mnunuzi mwingine yeyote. Amesaidiwa, na heshima yake haikuguswa.

2. Nguo zile zafikaje kwetu?

Maduka yale hupokea vitu vingi kuliko viwezavyo kuuzwa. Nguo zisizopata mnunuzi huuzwa kwa uzito kwa wafanya biashara. Hao huzipeleka katika nyumba kubwa za kuchambulia, na huko hutengwa: mashati mbali, suruali mbali, nguo za watoto mbali, nzuri mbali, dhaifu mbali. Kisha hukandamizwa kwa mashine na kufungwa. Mabelo mengi yana uzito wa kilo 45 hivi. Hupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam, hununuliwa na wenye maghala, halafu na wachuuzi, mpaka yafunguliwe katika miji na minada ya bara. Kwa hiyo, ingawa duka la hisani ni geni kwetu, mabaki ya maduka yale twayavaa kila siku.

Neno lenyewe "mtumba" lina historia yake. Katika karne ya 19, zamani za misafara, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliokazwa kwa kamba, ukachukuliwa begani na mpagazi toka pwani hata Unyamwezi. Ndani yake zilikuwamo kaniki, na ile nguo ngumu isiyotiwa rangi iliyofumwa Marekani, ambayo kwa sababu hiyo iliitwa merikani. Basi nguo za Marekani kuja bara zimefungwa mtumba si jambo jipya. Jipya ni kwamba zaja zikiwa zimekwisha kuvaliwa.

Wazee hukumbuka miaka ya mwanzo wa 1980, nguo zilipokuwa haba mno madukani. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na baada ya hapo mitumba ilienea nchini kote. Watu waliziita nguo hizo "kafa Ulaya," kana kwamba kila koti lilikuwa na marehemu wake. Sasa twajua ya kuwa nyingi zatoka kwa watu wazima wenye afya, waliozichoka tu. Nchi nyingine zina majina yao. Rwanda husema caguwa, neno lililotoka katika "chagua" ya Kiswahili; Zambia husema salaula, yaani kuchakura na kuchagua katika rundo; na katika minada yetu twasikia "sagulasagula," yaani kuchagua. Majina haya yote yana maana moja, nayo yatuleta katika sehemu ya tatu.

3. Namna ya kuchagua vema

Rahisi si kila kitu chenye bei ndogo. Shati la shilingi 1,000 lipasukalo mara ya pili kufuliwa ni ghali kuliko la shilingi 3,000 litakalovaliwa miaka miwili. Kwa hiyo anayekwenda mnadani na ayashike haya:

(a) Aandike, au akumbuke, kile anachohitaji kabla hajatoka nyumbani. Aliyetumwa sweta akarudi na kofia tatu hakupata kitu rahisi. Amepoteza fedha ya sweta.

(b) Aiinue nguo mbele ya jua na kuitazama kwa ndani. Mahali pa kukagua kwanza ni kwapani, kolani, magotini, na mahali pa kukalia. Kitambaa kikipitisha mwanga kuliko penginepo, kimekwisha.

(c) Afunge na kufungua zipu, ahesabu vifungo, avute mishono kwa upole. Kifungo kilichopotea si neno. Fundi atatia kingine. Zipu iliyovunjika yaweza kuongeza bei kuliko nguo yenyewe.

(d) Ya mtoto anayekua inunuliwe kubwa kidogo yenye upindo mpana, ili ifumuliwe mwakani.

(e) Nguo za ndani za mitumba zisinunuliwe kabisa. Shirika la Viwango la nchi yetu limezikataza kwa ajili ya afya.

(f) Kila nguo ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, ianikwe juani, ipigwe pasi kabla haijavaliwa.

4. Haki kati ya mnunuzi na mchuuzi

Wengi hudhani kwamba mchuuzi wa mitumba hupata faida katika kila nguo, na kwa hiyo humshusha bei bila huruma. Na tufanye hesabu. Tuseme kijana amenunua belo la mashati 200 kwa shilingi 400,000. Hakuruhusiwa kulifungua kabla ya kulipa. Alisoma karatasi ya nje tu. Alipofungua akaona mashati 40 yameraruka, hayafai. 60 ni dhaifu. 100 ni mazuri. Mazuri akiyauza kwa shilingi 3,500 kila moja, atapata 350,000. Dhaifu kwa shilingi 1,000, atapata 60,000. Jumla ni 410,000. Faida yake ni shilingi 10,000, naye bado hajatoa nauli, ushuru, wala chakula.

Sasa, kila mnunuzi wa shati zuri akimlazimisha apunguze shilingi 500 tu, kijana yule atapoteza 50,000, na belo lote litamtia hasara ya 40,000. Kila mnunuzi atarudi nyumbani akisifu ujanja wake, wala hakuna hata mmoja atakayejua ya kuwa mtaji wa jirani yake umekwisha.

Hatusemi kwamba kupatana bei ni kosa. Kupatana ni desturi yetu, nako kuna mazungumzo na kujuana. Mchuuzi naye hutaja bei ya juu kwa kuwa anajua itashushwa. Lakini kuna kupatana na kuna kunyang'anya kwa maneno. Anayeikashifu nguo nzuri ili aipate kwa bure, kisha akaisifu njiani, amesema uongo, hata kama amelipa. Kitabu cha Mithali kinamtaja mnunuzi wa namna hii, sura ya 20, mstari wa 14. Msomaji na atazame mwenyewe. Na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, katika kueleza Amri ya Saba, haikomei kwa mwizi wa usiku. Yakataza pia biashara ya hila, na yatuagiza kumsaidia jirani mali yake izidi na ilindwe.

Mchuuzi naye ana wajibu. Asifiche tundu kwa kukunja nguo. Asichanganye dhaifu na nzuri kwa bei moja machweo yanapofika na macho hayaoni vema. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mwenye nguo nzuri hana haja ya hila.

5. Neno juu ya fundi na mkulima wa pamba

Wako wasemao kwamba mitumba imewaharibia kazi mafundi na viwanda vyetu. Neno hili si la kupuuzwa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kiliwavika watu wengi wa nchi hii. Na pamba hulimwa katika mkoa wetu wenyewe, lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi husafirishwa nje bila kufumwa. Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka ikome. Wafanya biashara wa nguo hizo huko Marekani walilalamika mwaka uliofuata. Nchi nyingine za Jumuiya zililegea. Rwanda ilishikilia neno lake na kupandisha ushuru, na mwezi wa Julai 2018 Marekani iliiondolea nguo zake nafasi ya kuingia huko bila kodi.

Lakini si mitumba peke yake iliyovidhoofisha viwanda. Mitambo ilichakaa, umeme ulikatika, na nguo mpya za bei ndogo zililetwa kutoka Asia. Neno hilo kubwa ni la wenye mamlaka. Lililo mkononi mwetu ni dogo: aliyenunua suruali rahisi na ampelekee fundi wa cherehani wa hapa hapa aipunguze na kuitengeneza, amlipe sawasawa, na nguo ya sikukuu, akiweza, aishonewe nyumbani. Hivyo sehemu ya faida yake itabaki kijijini.

6. Mnada wa sadaka

Sasa twafika mahali palipo pagumu. Mnada wetu wa baada ya ibada wafanana na duka la hisani kuliko na mnada wa mitumba. Kitu kimetolewa bure. Anayeuza hapati mshahara. Fedha yaenda kwa kazi ya usharika na kwa wenye shida. Walakini mara nyingi twauingia kwa moyo wa mnada wa mitumba, kila mtu akingoja bei ianguke.

Tuchukue mfano. Mjane hana fedha, ameleta jogoo wake. Sokoni jogoo yule angepata shilingi 20,000. Mzee wa kanisa anamwinua, watu wananyamaza. Mmoja asema 8,000. Wengine wanatazamana, jua ni kali, wataka kwenda. Moja, mbili, tatu, jogoo amekwenda. Je, mnunuzi ametenda dhambi?

Wengine watasema, "La. Bei ilitajwa wazi, kila mtu alikuwa na nafasi ya kupandisha." Ni kweli, hakuiba. Lakini tazama yaliyotokea. Sadaka imepungua kwa shilingi 12,000. Fedha hiyo haikupotea hewani. Imeingia mfukoni mwa mtu mmoja. Tena mjane amesimama pale akaona mali yake iliyokuwa na thamani kwake imefanywa kitu cha kuchekea. Mwezi ujao huenda asilete. Naye mnunuzi, kama ana ng'ombe nyumbani, amepokea sadaka badala ya kutoa.

Kuna mfano wa pili. Mama mwenye mtoto mgonjwa ana shilingi 2,000 tu, naye anataja bei hiyo kwa mayai yanayostahili 4,000. Hapa ulimi wa mwenye mali na unyamaze. Asipandishe bei kwa kujionyesha. Mayai yale yakimfikia mama yule kwa bei rahisi, sadaka imefanya kazi yake mara mbili: usharika umepata 2,000, na mtoto amepata chakula. Hivi ndivyo duka la hisani linavyofanya kazi pale linapofanya vema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila akimtazama.

Basi kanuni yetu si kwamba kununua kwa rahisi ni vibaya, wala kwamba ni vema siku zote. Ni hii: mbele ya kitu kilichotolewa kwa huruma, mwenye kitu na alipe thamani yake au kupita, na asiye na kitu na aachiwe apate kwa uwezo wake. Tajiri anayevizia bei ya maskini amewapunguzia watu wawili, yule aliyekusudiwa fedha, na yule aliyekusudiwa kitu. Na anayenunua kwa rahisi katika mnada wa sadaka ili akauze kwa faida Jumatatu, huyo amefanya biashara kwa mtaji wa mjane.

Kwa ajili ya utaratibu, twawaomba wazee wa sharika wayafikiri haya. Kwanza, bei ya sokoni itajwe kabla ya mnada kuanza, ili wote wajue thamani ya kitu. Pili, vitu vidogo vidogo viunganishwe, mayai na mchicha na kibaba cha unga, maana haba na haba hujaza kibaba, na watu hawachoki. Tatu, desturi njema ya kununua na kukirudisha kitu kiuzwe tena, au kumpa mzee asiyejiweza, ihifadhiwe, lakini isigeuzwe mashindano ya majina. Nne, anayetaja bei kubwa mbele ya watu na alipe siku ile ile, au aandikiwe siku ya kulipa. Deni la mnada lisilolipwa ni ubaya kuliko bei ndogo. Maana aliyetaja 8,000 akalipa ameleta 8,000, bali aliyetaja 30,000 akaenda zake hakuleta kitu, na jogoo amekula.

Tena lipo jambo ambalo umoja wa wanawake wa usharika wowote waweza kulijaribu. Kabla ya majira ya baridi, kila nyumba ilete nguo moja iliyo nzima, isiyowatosha tena watoto wake. Zifuliwe, zishonwe vifungo, zipigwe pasi, ziuzwe siku moja kwa bei ndogo iliyo sawa kwa wote, na fedha iwekwe kwa madaftari ya yatima. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Tabitha wa Yafa, na jinsi wajane walivyoonyesha nguo alizowashonea. Yeye hakuwapa matambara. Basi nguo ambayo mtu angeona haya mtoto wake kuivaa, asiilete. Hiyo ni ya kufutia meza.

Maswali ya kuzungumza

1. Duka la hisani lina makusudi gani mawili? Mnada wetu wa sadaka unayatimiza yote mawili?

2. Katika hesabu ya belo, ni bei gani ungeiona kuwa ya haki kwa shati zuri, kwako na kwa mchuuzi? Eleza kwa nini.

3. Mnunuzi wa jogoo angefanyaje ili mjane arudi nyumbani kwa furaha?

4. Tutawezaje kumwachia mwenye shida anunue kwa rahisi, pasipo kumtaja kuwa ni maskini mbele ya wote?

5. Katika usharika wenu kuna madeni ya mnada yasiyolipwa? Wazee na waliotaja bei watayamalizaje kabla ya mavuno yajayo?